Akrabu ya Dakika

Huku Aberdeen, mwezi wa kumi na mbili,
saa mbili asubuhi bado ni usiku,
na mimi niliyefunzwa kuhesabu saa kwa jua
nawasha taa ya meza, nashusha lenzi jichoni,
nasema: basi, jua ndilo hili.

Fraser Mutch aliileta ndani ya soksi.
Saa ya marehemu babake, mpiga mbizi wa visima vya mafuta,
chuma kizito kama deni,
pete ya kuzungusha imeliwa na chumvi,
kioo kina ufa, taji limeng'oka meno.
"Nataka irudi ilivyotoka kiwandani.
Kila kitu halisi. Kwanza kabisa, hiyo."
Akaielekezea kidole akrabu ya dakika:
nyekundu, nene, ya saa nyingine kabisa,
imekaa mle kama mgeni aliyeingia msikitini na viatu.

Kiwanda kilikwisha fungwa. Nikaanza kubisha hodi za watu.
Taji lilitoka Sudbury, kwa kinyozi mstaafu.
Kioo kilitoka Whitby, kimeviringishwa gazeti
lenye matokeo ya farasi waliokufa zamani.
Mpira wa kuzuia maji nilikata mwenyewe;
mpira hauna nasaba, una kazi.

Akrabu ndiyo iliyonitoa jasho.
Ya kwanza, ya Penzance, ilipendeza mno. Niliinusa.
Mtu ameichovya kwenye chai ionekane kuukuu.
Kipya kinyemi, tulisema sisi, ingawa kidonda;
kwenye biashara hii kidonda ndicho bei.
Ya pili ilipungua nusu milimita.
Ya tatu ilipotelea posta,
au kuna mtu Carlisle sasa ana saa nzuri.

Miezi saba.
Kisha bahasha toka Thunder Bay,
ndani ya bahasha chupa ya vidonge, ndani ya chupa pamba,
ndani ya pamba ukucha mwembamba wa rangi ya chungwa,
na ile nuru yake ya gizani imekufa vizuri,
manjano ya samli iliyoganda,
sawa na nukta za uso wa saa, sawa kabisa.
Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nikaing'oa nyekundu. Chini ya lenzi
nikaona michirizi,
na unywele mmoja wa brashi umenasa ndani ya wekundu
kama mdudu kwenye asali.
Rangi ya kucha.

Sikumwambia Fraser. Fundi huulizwa saa.

Aliyekuja kulipa baki ni mamake, Elspeth,
kofia yake ikidondosha mvua juu ya daftari langu.
Aliitazama saa kwa adabu, kama picha ya mkwe.
"Na ile yangu, Bwana Shee?"

Akasema: Wattie aliivunja ya mwanzo
kwenye mlango wa kengele ya kuzamia,
akapachika yoyote aliyopata, nyeusi,
na kule chini maji ni wino, haikuonekana.
Jumatatu alikuwa anarudi baharini.
Jumapili usiku chupa ilibaki na matone.
"Mkono mmoja nilikuwa nimeshaupaka.
Wa pili ukakaa mtupu wiki tatu.
Kanisani walinitazama!"
Akacheka, akaficha mkono wa kushoto mfukoni,
sijui kama alijua ameuficha.

Nikamtolea chupa ya vidonge. Akaisukuma nyuma.
"Nyumbani sina saa ya kuitia."

Droo zangu ni mbili: HALISI, na SI HALISI.
Chupa iko mezani, baina ya kibano na kikombe.

Juzi Fraser alipiga simu: inachelewa,
sekunde nne kwa siku. Kwa umri wake ni afya.
Nilitaka kumwambia hivyo.
Nikasema, ilete.
Nikaipangusa ile chupa vumbi.